Vespa Inakula Mafuta? Usikimbilie Kupunguza Jeti

Mwenye vespa akifika gereji na kulalamika kwamba chombo chake kinakula mafuta, mara nyingi dawa ya kwanza anayopewa ni kupunguziwa jeti. Kabureta inafunguliwa, jeti inatolewa, inawekwa yenye namba ndogo zaidi. Kama haipo, uzi mmoja wa waya wa umeme unapitishwa ndani ya tundu ili njia ya petroli izibe kidogo. Mteja anawasha, anazunguka mtaa, anarudi ameridhika. Siku si nyingi chombo kinashindwa kupanda kimwinuko na abiria, injini inachemka kupita kawaida, na pesa anayoiacha sheli ni ileile.

Si kwamba jeti haina kazi. Kosa ni kuamini kwamba ndiyo inayokula mafuta. Vespa iliyotoka kiwandani na jeti sahihi haiwezi kuamka asubuhi moja na kuanza kunywa petroli kwa sababu ya jeti ileile. Kuna kitu kingine kimebadilika: kinavuja, kimeziba, kinakwaruza au kimechoka. Ukikipata hicho, mafuta yanapungua na nguvu inarudi kwa pamoja, bila kulazimika kuchagua kimoja.

Vespa ninazozizungumzia ni zile za kizamani zinazojulikana vizuri Unguja: PX za Piaggio pamoja na ndugu zake wa Kihindi, Chetak ya Bajaj iliyoanza kutengenezwa mwaka 1972, na LML iliyoingia ubia na Piaggio mwaka 1984. Ni injini ya mipigo miwili, cc 125 au 150, gia mkononi, petroli inayochanganywa na oili. Ukoo wote huu unatokana na chombo cha cc 98 kilichosajiliwa hataza nchini Italia mwezi wa Aprili 1946, kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyebobea katika ndege na helikopta. Alitakiwa abuni chombo rahisi cha watu waliotoka vitani bila pesa. Ndiyo maana hadi leo fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua vespa yote chini ya mti na kuifunga kabla ya alasiri.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Jaza tangi hadi shingoni, soma kilomita, tembea hadi mafuta yapungue vya kutosha, rudi sheli ileile ujaze hadi palepale, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Vespa nyingi mita zake zilikufa zamani. Simu yenye ramani itafanya kazi hiyo. Mtindo wa kununua mafuta ya elfu mbili leo na elfu tatu kesho haukuambii lolote, na ndio unaomfanya mtu aape kwamba chombo kimeharibika wakati kilichopanda ni bei. Mamlaka za udhibiti wa nishati, ZURA kwa Zanzibar na EWURA kwa Bara, hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo pesa si kipimo cha matumizi. Kipimo ni lita.

PX 150 iliyo nzima, ikibeba mtu mmoja kwa mwendo wa wastani, hupata kati ya kilomita 25 na 35 kwa lita. Ikiwa yako iko humo, haina ugonjwa. Ikiwa imeshuka chini ya 20, endelea kusoma.

Injini hii ina ulafi wa kuzaliwa nao, na ni vyema uujue ili usimlaumu fundi bure. Haina valvu kichwani mwa silinda. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya ubavuni mwa silinda, na kuna kipindi ambapo tundu la kuingizia mchanganyiko mpya na tundu la kutolea moshi yote yako wazi. Mchanganyiko mpya unaingia kuusukuma moshi nje, na sehemu yake inaponyoka pamoja na moshi huo kabla ya kuwaka. Katika injini za aina hii zenye kabureta, petroli inayopotea hivyo inaweza kufika robo, hata theluthi kwa baadhi ya mizunguko. Kinachoirudisha ndani sehemu ya mchanganyiko huo ni mawimbi ya shinikizo yanayorudi kutoka kwenye ekzosi. Kwa hiyo ekzosi ya vespa si bomba la kupunguza kelele tu, ni kiungo cha injini. Iliyotoboka kwa kutu ya hewa ya bahari, iliyokatwa ili ilie, au iliyojaa masizi, inakunyang'anya nguvu na petroli kwa mpigo mmoja. Fungua ekzosi, tazama mdomo wake na tundu la silinda. Ukikuta gamba jeusi gumu limepunguza njia, likwangue kwa kijiti au bapa la alumini, pistoni ikiwa imeshuka chini kabisa, na usikwangue kwa bisibisi ya chuma inayoacha michirizi.

Sasa turudi kwenye jeti, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kabureta ya PX 150 ni Dell'Orto ya aina ya SI 20/20, na jeti kuu inayotoka nayo kiwandani huwa namba 100. Namba hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani tundu la milimita 1 kamili. Ukishusha hadi 95 unaona umepunguza kidogo tu, asilimia 5. Lakini petroli hupita kwenye eneo la tundu, wala si kwenye upana wake, na eneo limepungua kwa karibu asilimia 10. Vivyo hivyo kwa upande wa pili: fundi anayechokonoa jeti kwa waya wa chuma kila anaposafisha anaitanua bila kujua, kwa sababu jeti ni ya brasi, metali laini. Tundu likitoka milimita 1 hadi 1.1, eneo limeongezeka kwa asilimia 21. Jeti husafishwa kwa petroli na hewa ya pampu, basi. Iliyokwisha kuchokonolewa, nunua nyingine ya namba ileile.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Jeti kuu hutawala pale mkono wa mafuta unapofunguliwa karibu wote. Mtu anayezunguka Darajani, Michenzani na Mwanakwerekwe, akisimama kila baada ya mita mia, muda mwingi hata hajaifikia jeti hiyo. Anatumia jeti ya mwendo mdogo na skrubu ya mchanganyiko iliyo nyuma ya boksi la kabureta. Ukimpunguzia jeti kuu, matumizi yake ya mjini hayabadiliki. Utakachobadilisha ni safari yake ya Jumapili ya kwenda Nungwi, mkono umefunguliwa wote, injini inakosa petroli ya kutosha. Na petroli katika injini hii haiwaki tu. Inapoingia inapoza pistoni na kubeba oili ya kuilainisha. Ikipungua, joto linapanda, pistoni inatanuka, inanata kwenye silinda. Injini imenoki.

Skrubu ya mchanganyiko hurekebishwa injini ikiwa ya moto, ikinguruma bila gia. Ifunge taratibu hadi injini ianze kuyumba, ifungue hadi iyumbe tena, kisha itafute sehemu ya katikati ambapo mngurumo ni laini na injini inaitikia mara moja unapovuta mafuta. Mara nyingi pahali hapo ni mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kutoka ilipofungwa kabisa. Hiyo ni kazi ya dakika chache na haihitaji spea yoyote.

Ukiwa hapo, angalia na choki. Waya wake ukikwama nusu, injini inakunywa siku nzima na hakuna anayeshuku. Angalia pia sindano ya floti. Ikichakaa haifungi, petroli inafurika kidogo kidogo ndani ya kabureta chombo kikiwa kimelala uani, na harufu yake utaisikia asubuhi. Vespa ina koki ya mafuta chini ya kiti. Ifunge kila unapoegesha kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba wapo waliomiliki vespa miaka mingi na hawajawahi kuigusa koki hiyo isipokuwa siku ya kuingia rizavu.

Suala la oili limejaa imani kuliko vipimo. Kwa PX kiwango ni asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita moja ya petroli. Watu hukadiria kwa kifuniko cha chupa, au kwa macho, na wengi huzidisha kwa nia njema: oili nyingi, injini salama. Fikiria kinachopita kwenye jeti. Tundu ni lilelile, lakini sasa sehemu kubwa zaidi ya kinachopita ni oili na sehemu ndogo zaidi ni petroli. Kwa hiyo anayezidisha oili, bila kukusudia, amepunguza petroli inayofika kwenye moto, huku akijaza masizi kwenye plagi na ekzosi. Anayepunguza oili ili aokoe pesa naye ana hesabu yake mbele, na ni ya pistoni. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, tupa sindano, libakize kwenye boksi la mbele la vespa. Bomba moja, lita moja. Tangi la PX huchukua kama lita 8, kwa hiyo mabomba manane ndiyo ukomo wa hesabu yenyewe. Tia oili kwanza, kisha petroli iifuate kwa nguvu ya pampu ili vichanganyike.

Plagi ndiyo itakayokuambia kama kazi imefanyika vizuri. Baada ya safari ya kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, zima, acha ipoe kidogo, ifungue. Kauri iliyozunguka ncha ya katikati ikiwa ya hudhurungi, mambo ni mazuri. Nyeusi yenye unyevu inamaanisha petroli au oili imezidi, au umeme ni dhaifu. Nyeupe kavu ni hatari: injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, na pistoni iko njiani kunata. Pengo la plagi liwe karibu milimita 0.6. Na jihadhari na namba. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake. Kwa hiyo anayebadilisha kampuni kwa kufuata namba tu anaweza kuweka plagi isiyofaa kabisa.

Plagi nyeupe kwenye vespa yenye jeti sahihi mara nyingi huashiria hewa ya wizi. Kuna sili mbili kwenye ncha za krenki. Ya upande wa sumaku ikichoka, hewa inanyonywa bila kupitia kabureta. Injini inapiga kelele peke yake unapoachia mafuta na haishuki haraka. Ya upande wa klachi ikichoka, inanyonya oili ya gia, moshi mweupe unazidi, na ukifungua skrubu ya kupimia oili ya gia unakuta imepungua kutoka ile robo lita iliyotakiwa kuwemo. Hakuna jeti duniani inayotibu sili. Filta ya hewa, kwa upande wake, haina siri: ni wavu wa chuma ndani ya boksi, unaoshwa kwa petroli na kukaushwa, na barabara za kifusi za mashamba huujaza vumbi mapema kuliko unavyodhani.

Magurudumu. Tairi la inchi 10 likipungua upepo hulala, na injini ndogo ya nguvu farasi kama 8 inaburuta mpira badala ya kuviringisha gurudumu. Kwa PX weka kama psi 18 mbele na 25 nyuma ukiwa peke yako, na ukibeba abiria pandisha ya nyuma hadi karibu 36. Wengi hujaza sawa mbele na nyuma, jambo linaloharibu hata ulinganifu kwenye kona. Kisha simamisha chombo kwa stendi, weka gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwama au likikwaruza, breki imebana. Nimeona vespa zilizobadilishwa kabureta nzima ilhali waya wa breki ya nyuma ulikuwa umeshika kutu ndani ya ala yake na ngoma inachemka kila safari.

Na klachi: ukivuta mafuta katika gia ya nne, injini ikapanda sauti lakini mwendo usipande, petroli inachomwa kwenye sahani za klachi.

Chombo kikishakuwa kizima, anayebaki ni dereva. Upepo ndio mzigo mkubwa wa skuta, kwa sababu mwendeshaji amekaa wima na magoti mbele. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 50 hadi 70 kwa saa, upepo unaokusukuma nyuma unakaribia kuongezeka maradufu, na nguvu ambayo injini inapaswa kuitoa kwa ajili ya upepo huo inafika karibu mara 2.7. Safari ya mjini hadi Nungwi, tuseme kilomita 60, kwa mwendo wa 70 unaokoa kama dakika 20 tu ukilinganisha na 50. Nchini Marekani, kati ya 1980 na 1985, Craig Vetter aliandaa mashindano ya pikipiki za kubana mafuta, na mshindi wa mwaka wa mwisho alifikia maili 470 kwa galoni, yaani karibu kilomita 200 kwa lita, kwa pikipiki ya cc 125 iliyofunikwa gamba refu la kukata upepo. Siwashauri watu waende sokoni ndani ya gamba, lakini matokeo yale yanaonyesha mafuta yanakoishia.

Panda gia mapema, lakini usiilazimishe injini kuvuta katika gia ya nne huku inatetemeka. Tazama mbali ili usivute mafuta kwa nguvu kisha ukafunga breki baada ya mita hamsini. Na ule ujanja wa kuteremka mlima mafuta yamefungwa kabisa na gia imeingia, unaopendwa na wenye pikipiki za mipigo minne, usiulete hapa. Oili ya vespa inaingia pamoja na petroli. Ukifunga petroli huku magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, umeinyima oili pia. Vuta klachi au weka gia huru, na injini ibaki ikinguruma.

Petroli yenyewe nayo ina mambo yake. Ya kwenye chupa za maji kando ya barabara, iliyopigwa jua siku mbili tatu, imeshapoteza sehemu yake nyepesi inayosaidia kuwaka. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta Tanzania Bara, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo iishe. Mafuta ya taa kwenye injini ya vespa huleta masizi na milio ya kugonga. Nunua kwenye sheli yenye wateja wengi. Petroli ya oktani ya juu haiongezi kitu, kwa sababu mgandamizo wa injini hii ni mdogo. Wala usihuzunikie petroli ya risasi iliyoondolewa Kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006: ilisaidia viti vya valvu, na vespa hii haina viti hivyo. Kuhusu sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidonge vya kutia tangini, shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo kwa miaka mingi na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote, tena ndogo.

Wenye skuta za kisasa za mkanda, zinazoongezeka Dar es Salaam, hawahangaiki na oili wala sili hizi. Wao waangalie filta ya karatasi, upana wa mkanda, na rola zilizo ndani ya variata. Rola zilizolika bapa huizuia skuta kufika kwenye uwiano mrefu, nayo inalia sana kwa mwendo mdogo. Anayeweka rola nyepesi apate kuchomoka haraka kwenye taa ajue ameongeza mizunguko, na mizunguko inaliwa kwa petroli.

Vipi anayetaka nguvu zaidi kwenye vespa yake? Zipo silinda za cc 177 kutoka Italia, za kampuni kama Polini na Pinasco, zinazovaa kwenye bloku la PX 150: kipenyo cha pistoni kinatoka milimita 57.8 hadi 63, na mwendo wa krenki unabaki milimita 57. Hapo ndipo jeti inapobadilishwa kwa haki, tena kwa kuongezwa. Ikiwekwa pamoja na gia ndefu zaidi, injini inavuta kwa mizunguko michache, na dereva mtulivu anaweza kubaki na matumizi yaleyale ya zamani huku mlima akiupanda na abiria bila kushuka gia. Ni kazi nzuri, lakini ifanywe kwenye injini yenye sili mpya, ekzosi safi na klachi inayoshika; kwenye injini mbovu ni kuuongezea ubovu ukubwa.

Nje ya hapo, anayetaka mafuta kidogo kuliko kitu kingine chochote anunue skuta ya mipigo minne ya cc 110 au 125. Itampa zaidi ya kilomita 40 kwa lita bila jasho, na PX iliyotunzwa kuliko zote mjini haitaifikia. Anayebaki na vespa anabaki nayo kwa sababu spea zinapatikana, fundi anaijua na bodi yake ya chuma inastahimili mizigo na miaka. Hizo ni sababu za kutosha, mradi apime lita zake na asimruhusu mtu yeyote aguse jeti kabla ya kuizungusha tairi ya nyuma kwa mkono.